Michezo ya Jadi Shuleni na Lugha Yake: Hoja Kutoka Same na Milima ya Upare

1.0 Utangulizi

Mtaala wa elimu ya msingi uliotolewa nchini Tanzania mwaka 2023 na kuanza kutekelezwa mwaka 2024 umeipa michezo nafasi ya wazi katika ratiba. Katika darasa la kwanza na la pili kuna somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo. Kuanzia darasa la tatu kuna Sanaa na Michezo. Kwa majina hayo pekee, mlango umefunguliwa kwa michezo ya jadi kuingia darasani na uwanjani. Jambo hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo, kufungua mlango si sawa na kumkaribisha mgeni, na kumkaribisha si sawa na kumfahamu.

Makala haya yanadai kwamba michezo ya jadi haiwezi kufundishwa ipasavyo ikiwa itatenganishwa na lugha inayoiendesha. Mchezo si mwendo wa viungo tu. Ni majina, hesabu, amri, masharti, mabishano, usuluhishi na mizaha, na mambo yote hayo hufanyika kwa lugha. Shule ikiuchukua mwendo na kuiacha lugha, itakuwa imefundisha zoezi la viungo lililopewa jina la jadi. Mfano unaotumika ni wa wilaya ya Same na Milima ya Upare kwa jumla, mahali ambapo watoto wengi hukua wakisikia Chasu nyumbani na kusoma kwa Kiswahili shuleni. Hoja yenyewe lakini haiishii Upare. Inazihusu wilaya nyingi za Afrika Mashariki zenye hali kama hiyo.

2.0 Dhana ya Mchezo na Dhana ya Jadi

Inafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa utata wa maneno huzaa utata wa ufundishaji. Kitenzi cheza katika Kiswahili kina mawanda mapana. Mtu hucheza mpira, hucheza bao, hucheza ngoma na hucheza na mtoto. Tamthilia nayo ni mchezo wa kuigiza. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji vitenzi vinne kwa shughuli hizo nne. Lugha yenyewe imeshaamua kwamba shughuli hizo ni za ukoo mmoja.

Lugha ya shule, kwa upande wake, imelipunguza neno hilo. Mwalimu anaposema kwamba leo kuna michezo, mwanafunzi huelewa soka, netiboli, riadha au mpira wa wavu. Ngoma imewekwa upande wa sanaa, na mchezo wa kuigiza upande wa fasihi. Jina Sanaa na Michezo linaviweka pamoja vitu viwili kana kwamba awali vilikuwa mbalimbali. Kwa michezo mingi ya jadi mgawanyo huo hauna msingi, kwa sababu mchezo mmoja huwa na wimbo, mdundo, mashindano na maigizo kwa wakati uleule. Mwalimu atakayeuliza kama mchezo wa ukuti ni sanaa au ni mchezo atakuwa ameuliza swali ambalo mchezo wenyewe haulijui.

Nalo neno jadi lina historia yake. Kwa muda mrefu mambo ya namna hii yaliitwa ya kienyeji, neno ambalo kwa maana yake ya msingi halina kasoro, lakini kwa matumizi lilichukua harufu ya uduni. Jadi, lenye asili ya Kiarabu na linalohusiana na babu na ukoo, lina heshima zaidi, ila nalo lina hatari yake. Linaelekeza macho nyuma. Mchezo ukishaitwa wa jadi, huanza kuchukuliwa kama kitu cha makumbusho, cha kuoneshwa siku ya sherehe mbele ya mgeni rasmi. Watoto wanaocheza mdako jioni hawajui kwamba wanahifadhi urithi; wanacheza. Somo litakalosahau jambo hilo litaugeuza mchezo ulio hai kuwa maonyesho.

3.0 Michezo Ilivyoingia Shuleni

Elimu ya viungo katika shule za Tanganyika ilianza kama gwaride na mazoezi ya kuamrishwa, ikafuatwa na mpira wa miguu. Ni kweli kwamba Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilitaka elimu ioanishwe na mazingira ya Waafrika, lakini uwanja wa shule uliendelea kwa sehemu kubwa kuwa uwanja wa michezo ya Ulaya. Misheni nazo, ambazo katika Upare zilianza shule mapema, Wasabato upande wa Mamba na Suji na Walutheri upande wa Mbaga, zilileta elimu ambayo jamii ya Upare iliipokea kwa bidii. Lakini wamisheni wengi wa zama zile, Upare na kwingineko, walizitilia shaka ngoma na mafunzo ya jando, na shaka hiyo iliigusa pia michezo iliyofungamana nazo.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika, ingawa si kwa namna iliyotarajiwa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara iliyoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1967 ulitolewa waraka wa Elimu ya Kujitegemea na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Michezo la Taifa. Shule za enzi hiyo zilijaa mchakamchaka, halaiki na ngoma. Mchakamchaka unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ni mfano adimu wa zoezi la viungo lililopata lugha yake. Wakimbiaji huongozwa na mghani, wengine huitikia, na mwendo wa miguu hufuata mapigo ya maneno. Watu wazima wengi waliosahau mengine yote ya shule ya msingi hawajasahau mwitikio huo. Zoezi lilishika kwa sababu lilishikwa na lugha.

Ngoma za makabila ziliingia shuleni kama sanaa za maonyesho, lakini michezo ya watoto ilibaki nje ya ratiba. Mashindano ya shule za msingi, ambayo leo hujulikana kwa jina la UMITASHUMTA, yamejengwa hasa juu ya soka, netiboli, riadha, mpira wa wavu na mpira wa mikono. Mashindano hayo yana faida isiyokanushika. Hata hivyo, yamekuwa mtaala usioandikwa. Mwalimu mwenye saa chache na mipira michache huandaa wanafunzi kwa yale yatakayoshindaniwa, na wale wasiochaguliwa katika timu hubaki watazamaji.

4.0 Uwanja wa Milimani

Hali ya nchi ya Upare inaipa hoja hii uzito wa pekee. Tambarare ya Same, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na reli ya Tanga, ni kame na ina nafasi. Lakini shule za Suji, Chome, Mbaga na Vudee zimejengwa juu, katika safu ambayo kilele chake, Shengena, hufikia mita 2,462. Huko ardhi bapa ni mali. Uwanja wa soka wa watu wazima, kwa kanuni za kimataifa, hauwezi kupungua urefu wa mita 90 na upana wa mita 45. Wa netiboli unahitaji mita 30.5 kwa 15.25. Hata ukipunguzwa kwa ajili ya watoto, uwanja wa namna hiyo hupatikana kwa kuchonga mteremko ambao pengine ungekuwa shamba. Na mpira ukipita mpaka, huishia bondeni.

Mdako unahitaji kishimo na vijiwe. Rede inahitaji ua, mpira wa matambara, chupa na mchanga. Bao linaweza kuchimbwa ardhini. Kombolela hunufaika na mahali penye migomba, kona na ngazi za mteremko. Michezo hii haikulazimisha nchi iwe bapa. Iliichukua nchi kama ilivyo. Aidha, mingi kati yake haina watazamaji. Watoto 50 wa darasa moja wanaweza kugawanyika katika makundi 10 ya mdako na wote wakawa wanacheza kwa dakika 40 zilezile. Hiyo ni hoja ya kiufundishaji kabla haijawa hoja ya utamaduni. Vilevile, mdako na rede ni michezo ambayo wasichana wengi huimudu kuliko wavulana. Shule inapoipa hadhi, inakuwa imetambua umahiri ambao kwa muda mrefu haukupewa alama wala kombe.

5.0 Lugha Ndani ya Mchezo

Ufundi wa mdako ni rahisi kuelezwa na mgumu kutendwa. Mchezaji hurusha kijiwe juu, na kabla hakijaanguka huvitoa vijiwe vingine shimoni kwa mkono uleule, kisha hukidaka. Hurusha tena, na safari hii huvirudisha vyote isipokuwa kimoja. Zamu ya duru ya pili ikifika, huacha viwili viwili. Ya tatu, vitatu vitatu. Mtoto mwenye vijiwe 12 huwa anagawanya kwa 2, kwa 3 na kwa 4 akiwa na jiwe hewani. Jina lenyewe linaeleza kitendo, kwani mdako ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi daka. Mwanafunzi wa darasa la nne anayefundishwa uundaji wa nomino kwa kiambishi m- na kiishio -o hana haja ya mfano wa mbali.

Kombolela ina somo jingine. Mmoja hufumba macho na kuhesabu, wengine hujificha, na anayefaulu kulifikia kituo bila kukamatwa huwakomboa wenzake waliokwisha kamatwa. Maana ya komboa imo waziwazi ndani ya jina. Lakini umbo la neno hilo limebeba sauti l mahali ambapo Kiswahili cha pwani kwa kawaida kimeshaipoteza, kwani Kiswahili husema komboa na kombolea, ilhali lugha nyingi za Kibantu za bara huihifadhi l katika mazingira kama hayo. Kwa hiyo neno linalotamkwa na watoto kila jioni ni kielelezo cha mabadiliko ya sauti ambacho mwalimu wa isimu angekisafiria mbali.

Bao la Kiswahili, lenye safu 4 za mashimo 8 na kete 64, lina istilahi ambazo hazikuundwa na kamati yoyote: kunamua, mtaji, kutakata, nyumba, kichwa, kimbi. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, yaani 6 katika nyumba na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Mchezo una hatua mbili zenye kanuni tofauti, na mchezaji asiyezijua istilahi hawezi kubishana wala kusuluhishwa. Mwaka 2020 michezo ya jamii hii ya Kazakhstan, Kirigizistani na Uturuki iliandikishwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Afrika Mashariki ina hazina ya aina hiyohiyo, nayo iko katika vinywa vya wachezaji.

Ndipo linapokuja swali la Chasu. Majina mdako, rede na kombolela yanajulikana Tanzania nzima kwa sababu Kiswahili kimeyabeba. Mwalimu aliyepangiwa kazi Upare akitokea mkoa mwingine atayatumia majina hayo, na vitabu vitayaimarisha. Lakini mtoto aliyefundishwa na bibi yake huko Chome au Gonja hakufundishwa kwa majina ya kitabu. Alifundishwa namna ya kuhesabu, ya kudai zamu, ya kumshutumu mwenzake kwa kudanganya na ya kumaliza ugomvi bila kupigana, vyote kwa Chasu. Kamusi zinazotungwa kwa kumhoji mtu mzima mezani hupata majina ya viungo vya mwili, ya mimea na ya ukoo. Ni nadra kupata maneno ambayo mtoto humwambia mtoto mwenzake katikati ya mchezo. Msamiati huo hauna mahali pengine pa kuishi, na mchezo ukifa, nao huondoka bila kuandikwa.

Upare una ushahidi wa kinyume chake pia. Neno msaragambo, la kazi ya pamoja ya kijiji, limevuka mipaka ya Chasu na linasikika katika Kiswahili cha watu wasio Wapare. Neno ndiva, la bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, hutumiwa hata katika maandishi ya Kiswahili na ya Kiingereza kuhusu kilimo cha Same. Hakuna aliyeyalazimisha maneno hayo. Yalisafiri kwa sababu shughuli zake zilikuwa hai na hazikuwa na jina jingine linalozitosheleza. Istilahi za michezo zingeweza kufanya safari hiyohiyo, iwapo michezo yenyewe itapata mahali pa kuchezwa.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la umoja wa taifa. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na wapo wanaohofu kwamba kuiruhusu lugha ya jamii, hata uwanjani, ni kuurudisha ukabila. Hofu hiyo haifai kudharauliwa. Shule ya Same mjini au ya Hedaru ina watoto wa Wapare, Wasambaa, Wachaga, Wamaasai na wengineo, na mchezo unaomfanya mmoja wao mgeni ni mchezo mbaya. Lakini Sera ya Utamaduni ya 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa, na hakuna anayependekeza Hisabati ifundishwe kwa Chasu. Kinachopendekezwa ni kwamba maelezo yatolewe kwa Kiswahili na maneno ya mchezo yabaki na lugha ya mchezo. Mtoto wa Kimaasai anayejifunza neno la Chasu ili acheze, na wa Kipare anayejifunza la Kimaasai wiki inayofuata, wanajenga utaifa kwa njia iliyo imara kuliko kunyamaza kwa wote wawili.

Pingamizi la pili linadai kwamba michezo hii haina kanuni zilizosanifiwa, hivyo haiwezi kupimwa wala kushindaniwa. Hapa historia ya Kiswahili ina funzo. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, na manufaa yake yanaonekana. Lakini inajulikana pia jinsi Kimvita, Kiamu na lahaja nyingine zilivyoanza kutazamwa kama makosa badala ya utajiri. Michezo isipitishwe njia hiyo kwa haraka. Tofauti za kanuni kati ya Mamba na Usangi ni somo lenyewe: wanafunzi wajadiliane, wapatane, waandike walichopatana, kisha wacheze. Huo ni ufundishaji wa sheria kwa vitendo. Ikiwa patakuwa na mashindano, kanuni ziafikiwe kwa ajili ya shindano hilo, bila kuzifuta nyingine.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la mtihani. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yamehesabiwa Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na masomo ya jamii na uraia. Mzazi wa Upare, ambaye pengine ameuza mazao yake kwa ajili ya ada ya mwanawe, ana haki ya kuuliza vijiwe vitamfikisha wapi. Jibu la kwamba utamaduni una thamani halimtoshi. Jibu linalomtosha ni kwamba mgawanyo wa namba, uundaji wa maneno na uwezo wa kueleza kanuni kwa ufasaha ni mambo yanayotahiniwa, na mchezo huyafundisha bila gharama ya kitabu.

Mwisho, wapo wapenzi wa jadi wanaotaka kila cha jadi kiingie shuleni. Nao wanakosea. Katika Upare vijana walifundwa katika mshitu, yaani msitu maalumu, na mafunzo yale yalikuwa na siri na wenyewe. Shule haina haki wala uwezo wa kuyabeba. Michezo ya uani, ambayo watoto walicheza mbele ya kila mtu, haina mwiko huo. Mpaka kati ya hayo mawili uchorwe na wazee wa mahali, wala usichorwe na mwandishi wa kitabu aliye Dar es Salaam.

7.0 Yanayowezekana

Hatua zinazopendekezwa hazihitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mwanafunzi wa darasa la nne au la tano apewe kazi ya kukusanya mchezo mmoja kutoka kwa mzee wa nyumbani: jina lake katika lugha aliyouchezea, idadi ya wachezaji, vifaa, maneno ya kuanzia, namna ya kuhesabu, makosa na adhabu zake, na jinsi ugomvi unavyoamuliwa. Daftari za darasa moja kwa mwaka mmoja zingekuwa na data ambazo idara nyingi za isimu hazina.

Pili, vyuo vya ualimu viwafundishe walimu-wanafunzi mbinu ya kuuliza kabla ya kuwafundisha orodha ya michezo. Mwalimu mgeni Upare hapaswi kujua Chasu. Anapaswa kujua nani wa kumwuliza, na kukubali kuwa mwanafunzi kwa siku hiyo.

Tatu, mashindano ya ngazi ya kata yaingize walau mchezo mmoja wa jadi utakaochaguliwa na shule zenyewe. Walimu hufuata kinachoshindaniwa. Basi udhaifu huo utumiwe kwa faida.

Nne, idara za Kiswahili na isimu zikiri wajibu wao. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionesha katika muongo wa kwanza wa karne hii kwamba msamiati na sarufi za lugha nyingi zinaweza kukusanywa na kuchapishwa, na Chasu kimepata watafiti wake. Uwanja wa michezo ya watoto, hata hivyo, bado haujavutia tasnifu za kutosha. Nchini Uingereza Iona na Peter Opie walitumia miaka mingi kusikiliza watoto mitaani na viwanjani, na kitabu chao cha 1969 kikabadili mawazo ya wasomi kuhusu kile ambacho mtoto anajua. Mwanafunzi wa uzamili kutoka Same anayetafuta mada ana faida ambayo hao hawakuwa nayo: anaijua lugha na anajua mlango wa kubisha.

8.0 Hitimisho

Somo jipya linaweza kwenda njia mbili. Linaweza kuwa orodha ya majina ya kukariri, ambapo mtoto wa Vudee ataandika kwamba mdako ni mchezo wa jadi na asipate kuucheza. Linaweza pia kuwa saa ambayo shule humwuliza mtoto kile alichofundishwa nyumbani, ikakichukua kuwa elimu. Kitakachoamua kati ya njia hizo ni iwapo mwalimu ataiacha lugha ya mchezo isikike uwanjani. Wenye kuijua lugha hiyo kwa ukamilifu ni bibi na babu wa watoto walio darasani sasa. Wajukuu wao watakapomaliza shule, wengi wa wazee hao hawatakuwapo tena kuulizwa.